Mwarobaini kwa matumizi ya nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu tuliufahamu mwarobaini kwanza kwa ulimi, na uchungu ule hausahauliki. Ukurasa huu hauhusu kuunywa. Unahusu kuupaka, kuuogea na kuusukutulia, pamoja na ajali zinazotokea dawa ya kupaka inapoishia mdomoni. Mimi nautumia kwa ngozi na kichwa. Napenda majani kuliko mafuta, na mafuta nayachukulia kama mafuta ya taa: yana kazi yake, lakini hayakai rafu moja na vikombe.

Kweli unatibu maradhi arobaini?

Hakuna aliyewahi kuyahesabu. Arobaini kwetu ni namba ya wingi uliotimia, ndiyo maana mzazi hukaa arobaini na za mwizi pia ni arobaini. Jina ni sifa, na mti unastahili kusifiwa. Shida huanza mtu anapolichukua jina kama orodha ya dawa, akaona kama umetibu upele basi utatibu na sukari, na kama mkubwa ameupaka basi mtoto anaweza kuulamba.

Ni nini ndani yake kinachofanya kazi?

Kitaalamu mti huu unaitwa Azadirachta indica, na uko familia moja na mkangazi. Mbegu na majani yana kemikali nyingi chungu. Nimbini ilitengwa na mwanakemia Salimuzzaman Siddiqui mwaka 1942. Azadirakitini, iliyo maarufu kuliko zote, ilitengwa mwaka 1968, na ina umbo gumu kiasi kwamba wanakemia wa Cambridge wakiongozwa na Steven Ley walihitaji miaka 22 kuiunda maabara. Walifanikiwa mwaka 2007. Mti huitengeneza kila msimu bila kelele.

Azadirakitini huwakinaisha wadudu chakula na kuvuruga homoni inayowawezesha kujivua gamba. Mdudu hafi papo hapo, anashindwa kukua. Kemikali nyingine za mti huu hupunguza uvimbe, na baadhi huzuia bakteria na fangasi zikijaribiwa maabara. Kuua fangasi kwenye kisahani cha maabara ni rahisi kuliko kuwaua chini ya ukucha wa mtu, kwa hiyo usishangae ukisikia "imethibitishwa" halafu kwako haikufanya kitu.

Kumbuka pia kwamba mafuta haya haya ya mbegu ndiyo yanayotengenezewa viuatilifu vya shambani.

Nitajuaje kwamba mti nilio nao ndio wenyewe?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko linavyostahili. Ndugu yake, Melia azedarach, amepandwa sehemu nyingi za dunia na kuna watu wanaomwita mwarobaini vilevile. Matunda yake ni sumu kwa binadamu.

Angalia jani. La mwarobaini lina kikonyo kimoja kirefu chenye vijani pande mbili, kila kijani kimepinda kama mundu na kina meno pembeni. La Melia limegawanyika mara mbili: kikonyo kinatoa vikonyo vingine, navyo ndivyo vinavyobeba vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya Melia yana rangi ya zambarau iliyopauka. Tunda la mwarobaini ni refu kidogo kama zeituni dogo, la Melia ni la mviringo na mara nyingi hubaki likining'inia mtini hata majani yakipukutika. Kama bado una shaka, usichume.

Nitumie majani, unga au mafuta?

Kwa mtu anayeanza, majani mabichi. Ni hafifu na ukikosea hukosei sana. Unga wa majani ni mzuri kwa kupaka, ila hujui umekaa muda gani na umechanganywa na nini, na usiposagwa laini hukwaruza ngozi. Mafuta ya mbegu ndiyo makali kuliko vyote, na karibu visa vyote vibaya nitakavyovitaja huku chini ni vya mafuta. Magome tuwaachie wenye ujuzi, maana kubandua gome la mti kuzunguka shina ni kuuua.

Maji ya majani yanaandaliwaje?

Chuma majani yaliyokomaa, yale ya kijani kilichoiva, siyo machipukizi mekundu. Yaoshe vumbi. Konzi mbili kubwa kwa lita mbili za maji zinatosha. Yachemshe yakiwa yamefunikwa kwa dakika 10 hadi 15, epua, uyaache yapoe humohumo sufuriani. Yatakuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa, yenye ukijani kidogo na harufu ya majani yaliyokatwa. Chuja kwa kitambaa safi, kwa sababu vipande vya majani vinavyobaki kwenye mikunjo ya ngozi huwasha.

Tumia siku hiyohiyo. Yakilala kwenye friji, mwisho ni kesho yake. Yakianza kuvuta utelezi au harufu ya uchachu, mwaga. Dawa haina kihifadhi, na maji ya majani ni chakula cha bakteria kama uji tu.

Ukishajimwagia usijifute kwa nguvu. Jikaushe kwa kugusagusa na taulo, na kama ngozi yako ni kavu paka mafuta yako ya kawaida.

Mafuta ya mbegu nayachanganya vipi?

Usiyapake matupu. Kwa mwili, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mwarobaini kwa vijiko tisa vya mafuta ya nazi ndicho kipimo changu cha juu kabisa. Kwa uso naenda chini zaidi, kijiko kimoja kwa vijiko arobaini (samahani, namba ndiyo hiyo tena). Chupa ikiwa imeganda kwa baridi, iweke ndani ya bakuli la maji ya moto hadi iyeyuke, usiiweke jikoni.

Chupa iliyoandikwa kwamba ni ya mimea au bustani isiguse ngozi yako. Huenda ina sabuni na viyeyushi vilivyowekwa ili mafuta yachanganyike na maji ya bomba la kupulizia.

Nahitaji kweli kujaribu kwanza? Ni majani tu.

Mimi pia nilisema ni majani tu. Nilitwanga majani mabichi hadi yakawa kama mchicha uliosagwa, nikabandika ndani ya kiwiko palipokuwa panawasha, nikafunga kitambaa nikalala. Asubuhi nilipofungua, palikuwa na mstatili mwekundu wenye kingo kali, umbo la kitambaa kabisa, na malengelenge matatu katikati. Ilichukua siku tisa kuisha. Jani lile lile nilikuwa nimelikoga mara nyingi bila tatizo; kilichobadilika ni ukali, muda na kule kufunika.

Kwa hiyo: paka kiasi cha tone upande wa ndani wa mkono, eneo la ukubwa wa sarafu, usifunike, subiri saa 24, ukiweza 48. Mzio wa ngozi mara nyingi huja siku ya pili. Pakiwasha, pakivimba au pakiwa pekundu, osha kwa maji na sabuni na uachane nayo. Na hata ikikubali, usiiache ngozini usiku kucha chini ya bandeji.

Unaponyesha upele wa kuambukiza?

Hapa ndipo mwarobaini una historia nzuri, na ndipo watu wengi hushindwa kwa sababu isiyohusu dawa yenyewe.

Upele huu unaletwa na Sarcoptes scabiei, kidudu kidogo kinachochimba handaki ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Huwasha zaidi usiku, hasa katikati ya vidole, viganjani, kiunoni na sehemu za siri. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya jaribio nchini India ambapo watu 814 walipakwa mchanganyiko wa majani ya mwarobaini na bizari ya manjano. Asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Ni matokeo ya kutia moyo, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopewa dawa nyingine, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba ni sawa na krimu ya pamethrini au vidonge vya ivamektini. Kama dawa hizo zinapatikana, anza nazo. Mwarobaini uwe wa kupunguza muwasho pembeni.

Sasa kosa lenyewe. Anapakwa mtoto mmoja anayejikuna, wengine wanaachwa kwa kuwa "hawana kitu". Mtu aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, huku akigawa vidudu kila anapolala kitanda kimoja na mwenzake. Nyumba nzima itibiwe siku moja. Shuka, nguo na mataulo ya siku tatu zilizopita yafuliwe kwa maji ya moto, au yafungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki nzima, maana kidudu hakiishi siku nyingi mbali na ngozi ya mtu. Rudieni dawa baada ya wiki moja ili kuwakamata walioanguliwa baadaye.

Na jambo linalokatisha watu tamaa: muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata vidudu vikiwa vimekufa vyote, kwa sababu mwili bado unapambana na mabaki yao. Watu huongeza ukali wa dawa wakati huu, ngozi inababuka, wanadhani upele umerudi. Ukiona mahandaki mapya, rudi kwa daktari. Ukiona ngozi kavu inayowasha tu, inataka mafuta ya kulainisha.

Na choa au fangasi wa miguu?

Mafuta yaliyochanganywa yanaweza kusaidia choa kichanga cha mwilini. Krimu ya klotrimazoli ni ya uhakika zaidi, mara mbili kwa siku, na iendelee wiki moja au mbili baada ya doa kupotea. Choa cha kichwani kwa mtoto, kile kinachoacha mabaka yasiyo na nywele, hakitibiki kwa kupaka chochote, kiwe cha mti au cha duka la dawa. Fangasi wameingia ndani ya unywele wenyewe, na panahitajika dawa ya kumeza kutoka kwa daktari.

Chawa na mba?

Kwa mba, suuza kichwa na maji ya majani yaliyochujwa mara mbili kwa wiki baada ya shampuu. Utajua ndani ya wiki tatu kama inakufaa.

Chawa wanataka uvumilivu. Shampuu za dondoo la mbegu za mwarobaini zimejaribiwa zikaua chawa, lakini mayai yameng'ang'ania unywele, kwa hiyo chanuo lenye meno ya karibukaribu ndilo linalomaliza kazi. Chana nywele zikiwa na maji na krimu ya kulainisha nywele, kifungu kwa kifungu, ukifuta chanuo kwenye karatasi nyeupe ili uone unachokitoa. Rudia kila baada ya siku tatu au nne kwa wiki mbili. Mtoto afunge macho na kitambaa.

Chunusi?

Jaribu maji ya majani kwa pamba, jioni. Mafuta mazito huziba vinyweleo vya baadhi ya watu na kuongeza chunusi.

Mtoto ana tetekuwanga. Nimuogeshe majani?

Kuogesha mgonjwa wa tetekuwanga kwa majani ya mwarobaini ni desturi ya tangu zamani, na maji ya vuguvugu yaliyochujwa yakiwa hafifu hutuliza muwasho. Hayafupishi ugonjwa. Malengelenge yatapitia hatua zake hadi kukauka, kwa kawaida siku tano hadi saba. Yasiwe ya moto, usisugue, na kata kucha fupi, maana makovu mengi ya tetekuwanga ni ya kukuna.

Usimpe aspirini mtoto mwenye tetekuwanga. Inaweza kuleta ugonjwa adimu wa Reye, unaoshambulia ini na ubongo. Nitautaja tena huko chini, na utaona kwa nini. Kwa homa, parasetamoli inatosha.

Surua ni jambo jingine. Inaanza na homa kali, kikohozi na macho mekundu kabla ya vipele. Hiyo ni safari ya hospitali.

Naweza kuweka kwenye kidonda?

Mkwaruzo mdogo uliosafishwa, sawa, maji ya majani yaliyochemka vizuri. Kidonda kirefu, kilichoungua, kilichoumwa na mnyama au chenye usaha, hapana. Mwenye kisukari asibandike majani kwenye kidonda cha mguu hata kama ni kidogo kama punje ya mtama. Hisia za mguu zimepungua, hatasikia kinavyozama, na majani mabichi huja na udongo na vijidudu vyake. Hakuna jani linalozuia pepopunda. Anayezuia ni chanjo.

Mwarobaini unafukuza mbu?

Mafuta yaliyochanganywa hupunguza kuumwa kwa muda, na majaribio yamepishana sana kuhusu muda huo. Kwenye kibaraza jioni, jipake ukipenda. Palipo na malaria, chandarua chenye dawa kibaki kitandani.

Mswaki wa mwarobaini ni matumizi ya nje au ya ndani?

Swali zuri, na nimelijibu tofauti siku tofauti. Kijiti kinaingia mdomoni, ila kinachotafunwa hutemwa. Chagua kijiti kibichi chenye unene wa kalamu, menya gome la ncha, tafuna hadi nyuzi zifunguke kama brashi, piga meno taratibu kuelekea chini kutoka kwenye fizi. Tema mate ya mwanzo, ambayo ndiyo machungu kuliko yote, kisha sukutua. Hakina floraidi, kwa hiyo dawa ya meno isitupwe. Mti unaoitwa mswaki wenyewe, Salvadora persica, ni mwingine kabisa, na una ladha ya pilipili badala ya uchungu.

Kujifukiza je?

Mvuke wa maji yoyote huzibua pua kidogo, na mwarobaini hauongezi mengi. Ninachokiogopa ni sufuria: maji yanayochemka, blanketi kichwani na mtoto magotini ni njia ya mkato ya kuungua. Mtoto asifukizwe.

Nina mimba, au nanyonyesha.

Usimeze mwarobaini wa aina yoyote, na mafuta ya mbegu usiyapake. Mafuta haya huua mbegu za kiume na yamechunguzwa kama kizuia mimba cha kuweka ukeni. Kwa wanyama wa maabara yamesababisha mimba kutoka. Wanaotafuta mtoto, mke na mume, nao wayaweke kando. Kuosha nywele kwa maji ya majani si jambo ninalolikataza. Anayenyonyesha asipake kitu kwenye chuchu wala kifuani, kwa sababu mdomo unaofika hapo ni wa mtoto.

Kwa nini mnaogopa mafuta kwa watoto wachanga? Bibi alitupaka sote.

Bibi huenda alipaka majani, au alipaka mafuta kidogo na mkono wa mtu mzoefu. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la Lancet kuhusu watoto wadogo walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kama dawa ya maradhi madogomadogo. Ndani ya saa chache walianza kutapika, kusinzia na kupumua haraka, kisha degedege. Picha yote ilifanana na ugonjwa wa Reye niliousema pale kwenye tetekuwanga, ini likijaa mafuta na ubongo ukivimba. Kipimo kilichotosha kumdhuru mtoto kilikuwa kidogo kama mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai.

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na vidole vyake viko mdomoni mchana kutwa. Chini ya mwaka mmoja mimi sipaki mafuta ya mbegu hata yakiwa yamechanganywa.

Mtoto amekunywa mafuta. Nifanye nini sasa hivi?

Mpeleke hospitali mara moja, hata kama anacheza. Usimtapishe, kwa sababu mafuta yanaweza kuingia mapafuni, na usimnyweshe maziwa kwa imani kwamba yanakata sumu. Beba chupa. Kadiria alikunywa kiasi gani na saa ngapi. Hakuna dawa maalumu ya kuondoa sumu hii. Madaktari hudhibiti degedege, sukari ya damu na upumuaji, na kila saa ina thamani. Mwambie daktari wazi kwamba ni mwarobaini. Watu huona haya kutaja mitishamba, halafu daktari anatafuta malaria.

Krimu za "mwarobaini asilia" ni salama?

Nyingine ni nzuri. Ila krimu ya mitishamba isiyo na orodha ya viambato, inayoondoa ukurutu wa miaka ndani ya siku mbili na kung'arisha ngozi juu yake, ishuku. Krimu za aina hiyo zimewahi kupimwa zikakutwa na steroidi kali au zebaki. Dalili ya steroidi ni hii: ukiacha, ugonjwa unarudi kwa hasira zaidi, na ngozi inabaki nyembamba yenye mistari. Kama umeitumia wiki nyingi usiache ghafla, muone daktari wa ngozi akusaidie kupunguza.

Naweza kumpaka paka au mbwa?

Paka hujilamba, kwa hiyo ulichompaka amekinywa. Muulize daktari wa mifugo.

Mafuta yanahifadhiwaje?

Kwenye chupa nyeusi au ya kahawia, penye kivuli, kifuniko kigumu kwa mtoto kufungua, na jina limeandikwa kwa herufi kubwa pamoja na neno KUPAKA TU. Mwanga huvunja azadirakitini. Usiyahamishie kwenye chupa ya soda au ya dawa ya kikohozi, hata kwa siku moja.

Na harufu? Shuka zangu zinanuka kitunguu saumu.

Ni salfa iliyomo kwenye mafuta, haina madhara. Tone la mafuta ya mchaichai huipunguza kidogo, lakini mchaichai nao unaweza kuwasha, kwa hiyo rudi kwenye jaribio la saa 24. Kwa shuka, paka sabuni ya kuoshea vyombo juu ya doa likiwa kavu, acha nusu saa, ndipo uloweke. Ukianza na maji, mafuta yanazama na doa la kahawia linabaki. Mimi nina foronya mbili za zamani nilizozitenga kwa kazi hiyo, na hazitoki nje ya kabati wageni wakija.